Upasuaji Mgumu wa Saratani: Hospitali ya Karibu au Kituo Bobezi cha Mbali?

Familia ikiambiwa kwamba mgonjwa wao ana saratani ya kongosho na uvimbe bado unaweza kukatwa, swali la kwanza huwa "lini?" Kila siku inayopita inaonekana ni siku ambayo ugonjwa umeshinda. Swali la "wapi?" huchelewa, na mara nyingi hujibiwa na yule aliyeandika barua ya rufaa, au na umbali tu, bila mtu yeyote kukaa chini akalipima.

Upande mmoja kuna hospitali ya karibu. Ina vyumba vya upasuaji, ina madaktari wazuri, inapasua kila siku, ila upasuaji huu mmoja inaufanya mara mbili tatu kwa mwaka. Upande wa pili kuna kituo bobezi ambako upasuaji huohuo ni kazi ya kila wiki. Katikati kuna safari, kulala ugenini, foleni, na ndugu ambao hawataweza kuja kumwona mgonjwa.

Msimamo wangu nauweka mezani mapema: kwa aina chache za saratani ningesafiri hata kama njia ni ndefu, na kwa nyingine nyingi nisingehangaika. Kinachoamua si ukubwa wa jengo wala sifa za daktari. Kinachoamua ni aina ya upasuaji, na kile ambacho hospitali inaweza kukifanya usiku wa siku ya tano baada ya upasuaji. Hilo la pili ndilo watu wengi hawaliulizi.

Takwimu zilivyo

Wazo kwamba anayefanya mara nyingi hufanya vizuri zaidi si jipya, lakini lilianza kupimwa kwa hesabu mwaka 1979, Harold Luft na wenzake wawili walipolinganisha aina 12 za upasuaji katika hospitali karibu 1,500 za Marekani. Kwa baadhi ya upasuaji, ule wa moyo ukiwemo, hospitali zilizofanya 200 au zaidi kwa mwaka zilikuwa na vifo pungufu kwa asilimia 25 hadi 41. Kwa upasuaji mwingine, wingi haukuleta tofauti ya maana. Tangu siku hiyo ya kwanza, basi, jibu lilikuwa "inategemea".

Mwaka 2002 John Birkmeyer na wenzake walipitia rekodi za upasuaji milioni 2.5 hivi, wa wagonjwa waliokuwa na Medicare, bima ya serikali ya Marekani ambayo hasa ni ya wazee, kati ya 1994 na 1999. Kwa kongosho, hospitali zilizofanya upasuaji huo chini ya mara moja kwa mwaka zilipoteza wagonjwa 16.3 kati ya kila 100, na zile zilizofanya zaidi ya mara 16 zilipoteza 3.8. Kwa umio, yaani njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni, ilikuwa 20.3 dhidi ya 8.4. Hebu ziangalie hizo namba kama watu. Wagonjwa 100 wa kongosho wakihama kutoka kundi la kwanza kwenda la pili, 12 zaidi wanatoka hospitalini wakiwa hai. Zipo dawa za saratani zinazoshangiliwa kwa faida ndogo kuliko hiyo.

Utafiti huohuo ulikuwa na upande wake mtulivu. Kwa utumbo mpana, kwa sehemu moja ya pafu, kwa figo, tofauti kati ya hospitali za wingi mdogo kabisa na za wingi mkubwa kabisa haikufika vifo viwili kwa kila 100.

| Kinachoondolewa | Vifo pungufu kwa kila wagonjwa 100 | Mimi ningefanyaje |
|---|---|---|
| Kongosho, umio, pafu zima | Zaidi ya 5 | Ningesafiri |
| Mfuko wa chakula, kibofu cha mkojo | Kati ya 2 na 5 | Ningesafiri kama familia haivunjiki |
| Utumbo mpana, sehemu ya pafu, figo | Chini ya 2 | Ningeanza na hospitali ya karibu, kwa masharti |

Jedwali hili lina kasoro mbili, na ni haki kuzisema. Kwanza, wagonjwa wale walikuwa wazee kwa sehemu kubwa, na upasuaji wa miaka ya tisini si wa leo. Vifo vimepungua pande zote. Pili, jedwali linahesabu kifo tu, na mgonjwa wa saratani haendi kupasuliwa ili asife mezani. Anakwenda ili uvimbe utoke wote, na ili maisha yanayobaki yawe maisha kweli.

Hapo ndipo saratani ya puru, sehemu ya mwisho ya utumbo mpana, inapopanda daraja. Vifo vya upasuaji wake si vingi, lakini nafasi ya kufanyia kazi ndani ya nyonga ni finyu, na mishipa ya fahamu ya kibofu na ya tendo la ndoa inapita ubavuni kabisa mwa sehemu inayokatwa. Mwaka 1982 Bill Heald wa Uingereza alieleza namna ya kutoa puru pamoja na mfuko wake wote wa mafuta bila kuupasua, na saratani kurudi palepale ikapungua sana pale njia hiyo ilipofundishwa vizuri. Mkono usioizoea unaacha kipande, au unaharibu mishipa, au unampa mgonjwa mfuko wa kinyesi wa kudumu tumboni ambao mkono mwingine ungeuepuka. Puru la chini, lililo karibu na njia ya haja, mimi naliweka kwenye mstari wa kwanza wa jedwali hata kama hesabu ya vifo hailiweki huko.

Tezi dume nayo ina somo lake. Mwaka 2007 Andrew Vickers na wenzake walionyesha kwamba wagonjwa waliopasuliwa na daktari aliyekwisha kufanya 10 tu, saratani iliwarudia asilimia 17.9 ndani ya miaka mitano. Kwa daktari aliyekwisha kufanya 250 ilikuwa asilimia 10.7. Mtu anaweza kutoka hospitalini akitabasamu, kidonda kimefunga vizuri, na gharama ya mkono usio na uzoefu akaja kuilipa miaka minne baadaye.

Siku ya tano

Watu wakisikia "kituo bobezi" hufikiria mkono wa daktari: mkono mwepesi, usiotetemeka, unaojua njia. Mkono una sehemu yake. Birkmeyer na wenzake walipotenganisha mchango wa daktari na wa hospitali mwaka 2003, idadi ya upasuaji aliofanya daktari mwenyewe ilieleza zaidi kidogo ya nusu ya faida ya hospitali kwa kongosho, na kama robo tu kwa mapafu. Sehemu iliyobaki iko nje ya chumba cha upasuaji.

Ielewe kwa kuangalia upasuaji wa Whipple, uliobeba jina la Allen Whipple wa New York aliyeueleza mwaka 1935. Kichwa cha kongosho kinatolewa, pamoja na kipande cha kwanza cha utumbo mwembamba, mfuko wa nyongo na sehemu ya mfereji wake. Kisha daktari anaunganisha upya: kongosho lililobaki na utumbo, mfereji wa nyongo na utumbo, mfuko wa chakula na utumbo. Maungio matatu. La kongosho ndilo la hatari, maana nyama yake inaweza kuwa laini kiasi kwamba uzi unaikata, na maji yake yana vimeng'enya vya kuyeyusha chakula. Yakivuja, hayachagui. Yanayeyusha kilicho karibu, na kilicho karibu ni pamoja na mishipa mikubwa ya damu.

Uvujaji huu hutokea hata kwa mabingwa wakubwa duniani. Hilo nataka lieleweke. Kwenda kituo bobezi hakufuti hatari ya mshono kuvuja. Kinachobadilika ni kinachofuata.

Mgonjwa yuko siku ya tano. Jana alikaa kitini. Leo mapigo ya moyo yamepanda kidogo, homa si kubwa, anasema hajisikii vizuri lakini hawezi kueleza vipi. Kwenye mrija wa kutolea majimaji kuna damu kidogo, kijiko kimoja. Katika wodi isiyouzoea ugonjwa huu, muuguzi ataandika kwenye faili na kumwambia daktari asubuhi, wala hatakuwa amezembea, kwa sababu damu kidogo kwenye mrija baada ya upasuaji wa kawaida si habari. Baada ya Whipple, damu kidogo siku kama hiyo inaweza kuwa onyo kwamba ukuta wa mshipa unaliwa, na mmwagiko mkubwa unaweza kufuata baada ya saa chache. Muuguzi aliyeona wagonjwa hamsini wa namna hii hapeleki taarifa asubuhi. Anapiga simu sasa. Mgonjwa anapelekwa usiku huohuo kwenye CT, kipimo cha picha za ndani ya mwili, na yupo daktari wa radiolojia anayeweza kupitisha mrija mwembamba kwenye mshipa wa paja hadi ndani ya tumbo, akaziba panapovuja bila kufungua kidonda upya. Kama hakuna CT saa nane za usiku, au ipo lakini mwenye kuziba mshipa hayupo zamu, mkono mzuri uliofanya kazi siku tano zilizopita haumsaidii tena.

Mwaka 2009 Amir Ghaferi, Birkmeyer na Justin Dimick walichapisha hesabu ya wagonjwa zaidi ya 84,000 wa upasuaji mbalimbali. Walizipanga hospitali kwa vifo, kuanzia vichache hadi vingi. Hospitali zenye vifo vichache zaidi zilikuwa na matatizo baada ya upasuaji kwa asilimia 24.6 ya wagonjwa, na zenye vifo vingi zaidi asilimia 26.9. Karibu sawa. Lakini mgonjwa aliyepata tatizo kubwa, katika hospitali za kundi la kwanza alikufa kwa asilimia 12.5, na katika za kundi la mwisho asilimia 21.4. Wataalamu huuita mwanya huu kushindwa kuokoa. Tatizo lilikuja kwa wote, ila wengine waliliona mapema na walikuwa na cha kulifanyia.

Uholanzi iliongeza ushahidi ambao naupenda kuliko wote, kwa sababu unatoka kwenye hospitali ambazo tayari zilikuwa za wingi mkubwa. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2022, vituo vyote 17 vya upasuaji wa kongosho nchini humo vilipewa utaratibu mmoja wa kumfuatilia mgonjwa kila siku: vipimo gani vya damu, lini CT ifanyike, lini usaha utolewe, lini dawa za bakteria zianze. Hakuna aliyefundishwa kushona upya. Matatizo mabaya kabisa, yaani damu kumwagika, viungo kushindwa kufanya kazi, au kifo, yalishuka kutoka asilimia 14 hadi 8, na vifo ndani ya siku 90 kutoka 5 hadi 3.

Kwa hiyo ukilinganisha hospitali mbili, usilinganishe madaktari wawili tu. Linganisha usiku mbili.

Kile ambacho hospitali ya karibu inacho kweli

Kuna kasumba miongoni mwa wanaotetea vituo bobezi ya kumwona anayekataa kusafiri kama mtu asiyeelewa. Mwaka 1999 Samuel Finlayson na wenzake waliwauliza wagonjwa 100 swali la kubuni: una saratani ya kongosho inayokatika, utapasuliwa hospitali ya karibu au ya mbali? Hatari ya kifo ikiwa sawa pande zote, asilimia 3, wote 100 walichagua karibu. Ya karibu ikipanda hadi asilimia 6, yaani mara mbili, 45 walibaki na karibu. Ikipanda hadi 12, walibaki 23. Ilipofika 18, yaani mara sita ya kule mbali, bado walikuwepo 18 waliosema nipasulieni hapa.

Siwacheki watu hawa. Mgonjwa mwenye mke anayeuguza, au mwenye watoto wadogo, au ambaye hajawahi kulala nje ya kwake bila mtu wa kumshika mkono, ana hesabu ambayo haimo kwenye jedwali la Birkmeyer. Mgonjwa mwenye ndugu pembeni hula anapobembelezwa, husimama anapohimizwa, na yupo mtu wa kumwambia muuguzi "huyu si kawaida yake kunyamaza hivi". Hilo nalo ni jicho la usiku.

Faida ya pili ya karibu huonekana baada ya kuruhusiwa. Wagonjwa wengi wa upasuaji mkubwa hurudi hospitalini ndani ya wiki chache kwa homa, usaha, au kushindwa kula. Aliyepasuliwa mbali huangukia mlango wa dharura wa hospitali iliyo jirani, mbele ya madaktari ambao hawajui alikatwa nini na kuunganishwa vipi. Wanaorudi kwenye hospitali iliyowapasua huponea zaidi kuliko wanaolazwa kwingine. Utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 2015 ulionyesha hivyo kwa upasuaji mkubwa wa aina mbalimbali. Kwa hiyo safari ya mbali ina deni linalokuja kudaiwa baadaye, na asiyelipanga hulilipa kwa riba.

La tatu ni foleni. Kituo kinachopokea rufaa kutoka kila upande kinaweza kukupa tarehe ya wiki nyingi mbele. Kwa saratani nyingi wiki mbili tatu za kusubiri zinazotumika kwa vipimo hazina madhara makubwa, na subira hiyo mara nyingi inauma zaidi moyoni kuliko mwilini. Lakini miezi si wiki. Kituo kikikwambia miezi, rudi mezani uhesabu upya, au uliza kama tiba ya dawa inaweza kuanza karibu wakati unasubiri.

La nne halihusu mgonjwa mmoja. Upasuaji ukihamishwa wote, hospitali ya karibu inapoteza pia wauguzi wa ICU, yaani wodi ya wagonjwa mahututi, wataalamu wa usingizi na madaktari vijana wanaotaka kujifunza, na hao ndio walikuwa wanaokoa waliopata ajali. Na wasio na uwezo wa kusafiri hawasafiri. Kituo kinang'aa kwa takwimu za waliofika, waliobaki nyumbani hawamo kwenye takwimu hizo. Hoja hii ni nzito kwa anayepanga huduma za afya za nchi. Kwa mgonjwa aliye na barua mkononi leo, sidhani kama ni haki kumbebesha.

Na kuna hali ambazo mjadala wote huu unafutika. Utumbo ulioziba, uliotoboka, au uvimbe unaomwaga damu unahitaji mikono iliyo karibu, sasa hivi. Saratani yenyewe itashughulikiwa baadaye na kwingine.

Ngapi zinatosha?

Nchi zimejaribu kuchora mstari. Uholanzi ilianza na umio mwaka 2006, angalau 10 kwa hospitali kwa mwaka, na mwaka 2011 ikawa 20 kwa umio na 20 kwa kongosho. Vifo vya hospitalini baada ya Whipple nchini humo vilikuwa vimeshuka kutoka asilimia 9.8 mwaka 2004 hadi 5.1 mwaka 2009, kadiri upasuaji ulivyozidi kukusanywa mahali pachache. Ujerumani iliweka viwango vyake tangu 2004, na kwa umio ikavipandisha kutoka 10 hadi 26 kuanzia 2023. Marekani haikuweka sheria, lakini mwaka 2015 Johns Hopkins, Dartmouth-Hitchcock na Chuo Kikuu cha Michigan walijifunga kwa ahadi yao wenyewe: kwa kongosho, angalau 20 kwa hospitali na 5 kwa daktari kwa mwaka.

Namba hizi zichukue kama alama za njiani. Hospitali inayofanya 19 haigeuki hatari na inayofanya 21 haigeuki salama. Mimi ningezitumia hivi: hospitali inayofanya kongosho chini ya 10 kwa mwaka inapaswa kunieleza kwa nini nisiende kwingine, na inayofanya zaidi ya 20 inapaswa kuniambia tu kama zinafanywa na timu moja au zimegawanywa kwa madaktari saba.

Jihadhari pia na sentensi tamu, "hatujawahi kupoteza mgonjwa". Swali ni katika wangapi. Tuseme hospitali ina hatari halisi ya kifo ya asilimia 10, ambayo ni kubwa. Ikipasua wagonjwa 10, ina nafasi ya karibu asilimia 35 ya kuwamaliza wote bila kifo, kwa bahati tu. Rekodi safi ya wagonjwa kumi haithibitishi lolote, na kwa haki hiyohiyo, hospitali iliyopoteza mmoja kati ya wanne haijathibitika kuwa mbaya. Ndiyo maana idadi ya upasuaji, ingawa si kipimo cha moja kwa moja, mara nyingi inasema mengi kuliko matokeo ya hospitali ndogo.

Mtego mwingine ni jengo kubwa. Hospitali yenye vitanda elfu moja inaweza kuwa inatoa kongosho tatu kwa mwaka. Ukubwa wa hospitali na wingi wa upasuaji *wako* ni vitu viwili.

Maswali ya kwenda nayo

Kwa daktari wa upande wowote ningeuliza mambo machache, na ningeyauliza kwa adabu, maana daktari mzuri hakasiriki kuulizwa. Mwaka jana upasuaji huu mlifanya wangapi hapa, na wewe binafsi wangapi? Mshono ukivuja usiku wa kuamkia Jumapili, nani anakuja, na CT inafanya kazi? Kuna mtu wa kuziba mshipa unaovuja bila kupasua? Kesi yangu imejadiliwa na jopo, yaani mpasuaji, wa dawa za saratani, wa mionzi, wa radiolojia na wa patholojia anayechunguza vipande vya uvimbe, wakiwa pamoja, au imeamuliwa na mtu mmoja? Na la mwisho: angekuwa mama yako, ungempeleka wapi? Wengine hudharau swali hilo. Mimi nimeona madaktari wakinyamaza kidogo kabla ya kulijibu, na kimya hicho kina taarifa.

Njia ya tatu, ambayo huwa ndiyo bora

Ulinganisho huu una udanganyifu ndani yake, kana kwamba lazima mgonjwa mzima ahamie upande mmoja. Tiba ya saratani ni safari ya miezi, na upasuaji ni siku moja ndani yake. Dawa za saratani kwa njia ya dripu, vipimo vya damu, lishe, kuondoa nyuzi, ufuatiliaji wa miaka: mengi ya hayo hospitali ya karibu inayafanya vizuri. Kinachohamia kituoni ni uamuzi wa jopo, upasuaji, na siku kumi na tano hivi zinazoufuata.

Mpango huo unadai nidhamu mbili. Ya kwanza ni kwamba hospitali ya karibu isiguse kitu kabla ya kuzungumza na kituo. Uvimbe ulio ndani ya nyama ya paja, unaokua, uliozidi sentimita tano, unaweza kuwa sarkoma, yaani saratani ya nyama zenyewe, na daktari mwenye nia njema akiukata kama uvimbe wa mafuta anasambaza seli kwenye njia yote ya kisu. Upasuaji wa pili utakuwa mkubwa maradufu. Hata sindano ya kuchukua kipande ipangwe na watakaopasua. Kadhalika mgonjwa aliyegeuka njano kwa uvimbe wa kichwa cha kongosho: hamu ya kwanza ni kumwekea mrija wa kufungua nyongo. Utafiti wa Uholanzi wa mwaka 2010 ulionyesha kwamba waliowekewa mrija huo kwanza walipata matatizo makubwa kwa asilimia 74, na waliopelekwa moja kwa moja kwenye upasuaji ndani ya wiki moja asilimia 39. Wapo wanaouhitaji kweli, hasa wenye maambukizi ya nyongo au watakaoanza na dawa. Lakini uamuzi huo ni wa simu moja kwa kituo kabla, si baada.

Nidhamu ya pili ni ya kurudi. Usitoke kituoni bila barua inayoeleza kilichokatwa, kilichounganishwa, dalili za kuogopa, na namba inayopokelewa usiku. Ukiweza, kaa karibu na kituo kwa siku kadhaa baada ya kuruhusiwa. Ukipata homa ukiwa mbali, daktari wa karibu akupokee, lakini ampigie aliyekupasua kabla ya kuamua.

Na kabla ya kununua tiketi yoyote, omba picha za CT zitumwe kituoni, pamoja na majibu ya patholojia. Kazi hii haimtoi mgonjwa kitandani. Uvimbe ulioambiwa haukatiki unaweza kuonekana unakatika baada ya miezi michache ya dawa, na mwingine ulioandaliwa kupasuliwa wiki ijayo ukaonekana umeshashika mshipa au umefika kwenye ini, ambapo kupasua kungemwachia mgonjwa kidonda na wiki za maumivu bila faida. Kituo kikijibu hivyo, safari haipo tena, na mgonjwa anaanza tiba yake palepale alipo, ndugu zake wakiwa pembeni.